Hatukwenda Usangi

Mwaka huu hatukupanda milima.
Nauli ilipanda kabla yetu,
na Elinami alipopewa likizo, siku tisa tu,
tulizihesabu mezani kama chenji ya sokoni:
mbili za njiani, moja ya kuuguza mgongo,
zinazobaki ni za kuulizwa mbona umekonda.
Basi tukabaki Segerea
na joto lake la Desemba,
lile linalokukuta umelala likaanza kukudai.

Siku ya kwanza hatukujua la kufanya.
Elinami alivaa viatu saa kumi na moja alfajiri,
akafika getini, akakumbuka,
akarudi na mkate.
Mbonea alimtazama kama mgeni:
"Kumbe baba, hata mchana una ndevu?"
Tulicheka hadi chai ikapoa,
na ilipopoa tukainywa hivyo hivyo.
Hakuna aliyekuwa anawahi mahali.

Kisha fenesi.
Tulilinunua kwa kijana wa toroli,
zito kama mtoto wa chekechea aliyegoma kutembea.
Elinami alilipasua uani juu ya gunia,
kisu kimepakwa mafuta, mikono imepakwa mafuta,
na bado ulimbo ukamnasa ndevu zile zile za mchana.
Nakunda akakusanya mbegu kwenye sufuria,
nikazichemsha na chumvi.
Mama yangu alikuwa akizichemsha vile,
nami nilikuwa nimesahau.
Miaka kumi na minne nimekuwa nikizitupa.

Umeme ulikatika mchana.
Pangaboi likazunguka mara tatu za uchovu, likanyamaza,
ndipo tukasikia nyumba:
bati likijinyoosha,
tone la bomba, mjusi, tumbo la mtu.
Tukautoa mkeka, tukawa tunauburuta kufuata kivuli cha ukuta,
saa saba huku, saa tisa kule,
mpaka kivuli kikatufikisha mlangoni kwa Bi Mwanaheri,
naye akatoka na barafu za ukwaju
kabla friji halijaziyeyusha bure.
Zilikuwa kumi na saba.
Sitasema nani alikula sita.

Mkesha wa Krismasi bibi akapiga simu.
"Hamji kweli?"
Sauti yake ilikuwa na ukungu ndani yake,
na moshi wa jikoni, na sweta.
Elinami alinyamaza kidogo.
Nilijua ananyamazia nini:
mibuni, na kaburi la baba yake
ambalo mwaka huu atalipalilia mtu mwingine.
"Tutakuja Pasaka, mama."
Akaiweka simu juu ya dirisha, taratibu,
kama yai.

Halafu akachukua ndoo.
Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yametoka, bahati yetu,
akawamwagia watoto mmoja mmoja pale uani,
Kiende akidai zamu ya pili kabla ya ya kwanza,
na ndoo ya mwisho akanimwagia mimi,
mimi na kitenge changu,
mimi, mwalimu wa nidhamu wa shule nzima!
Nilipiga yowe kuku wa jirani wakatawanyika.
Kisha nikaomba ndoo nyingine.

Usiku tulilala sebuleni wote, magodoro sakafuni,
miguu ya huyu usoni kwa yule,
mbu akituchagua kama mteja asiye na haraka.
Kiende akauliza gizani:
"Baba, kesho upo?"
"Nipo."
"Na keshokutwa?"
"Nipo."
Akaendelea kuuliza mpaka akafika siku ambayo baba hakujibu,
lakini alikuwa ameshalala,
au alifanya hisani ya kulala.

Siku ya tisa hatukuifanyia lolote.
Tuliiacha ipite mlangoni polepole
kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua vizuri.
Elinami alilala chali kwenye mkeka,
Kiende akimpangia mbegu za fenesi tumboni, mstari, mstari.
"Usicheke baba, zitaanguka."
Nami nilikaa pale mlangoni, sina kazi mkononi,
nikamtazama mume wangu
akijitahidi kutocheka.